Mtambo Wangu Unavaa Kunizidi

Jamani, Mbagala nzima ni mtu mmoja tu aliyeingia dukani mwezi wa pili, saa nane mchana, jasho likimfika kwenye soksi, akaulizia blanketi zito. Ndiye mimi. Muuza duka akanitazama kwa huruma: "Pole kaka, nani ana homa?" Nikamjibu, "Sufuria."

Yote haya sababu ni mchaichai. Natoa mafuta yake kwa mvuke, yale ya kujipaka mbu wasikusogelee. Mtambo nilichongesha Gerezani: sufuria la lita 20, mfuniko wa bolti, hita ya umeme, bomba la shaba linalojizungusha ndani ya ndoo ya maji baridi. Fundi aliniapia kuwa ni wa kubeba. Hakusema anabeba nani. Kwenye daladala konda alinitoza nauli ya watu wawili, na aliyepata siti ni mtambo.

Hita yenyewe ni wati 2,000. Saa moja, uniti mbili hizo zimekwenda, na LUKU tunachangia vyumba vitano. Jirani wa chumba cha mbele, ambaye feni yake haijui kulala, ndiye aliyeitisha kikao kuhusu "mtu fulani anayechemsha vitu". Nikagusa ubavu wa sufuria, nusura niache ngozi ya kidole. Kumbe hela yangu yote naipashia joto Dar es Salaam! Mji huu umewahi kulalamika baridi?

Nikaanza na boksi jeupe la samaki, nimeliokota Feri. Nikasema kama linatunza barafu, joto litalishinda nini? Maji yalipokaribia kuchemka boksi likalegea, likasinyaa, likaganda kwenye mtambo. Chumba kikanuka mchaichai na vibua. Ukijipaka yale mafuta mbu wanakimbia, paka wanakuja.

Blanketi la dukani bei ikanishinda, nikachukua la mke wangu, la kwao Makete. Nusu saa mambo safi. Mara mfuniko ukavuja mvuke, blanketi likalowa chepechepe, na joto likarudi kutoka kama kawaida. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye nyuzi; maji yakiingia, hewa inatoka. Nilielezwa na mke wangu, kwa sauti ambayo hata jirani wa feni alielimika.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, aliyekuja kutusalimia siku tatu na huu ni mwezi wa pili. "Wali wangu kwenye kapu unakaa moto adhuhuri mpaka magharibi, na sina hita." Kapu lake lina mito ya sufi, na sufi hainywi maji upesi. Akaushonea mtambo fulana ya kanga iliyojazwa sufi, ya ubavuni tu. Mfuniko na bomba tukaviacha wazi.

Sasa unachemka mapema, siwezi kukataa. Ila kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunakula umeme zaidi ya mara 5 ya kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke, na deni hilo fulana hailipi. Kilo 3 za majani, vijiko viwili vya chai vya mafuta. Nicheke?

Jana jioni mjumbe kaja, kapelekewa maneno kwamba napika gongo. Akachungulia kwenye kona yenye giza: mfupi, mnene, kavaa kanga iliyoandikwa "Sina siri nina jibu", anahema taratibu. Mjumbe akavua kofia.

"Shikamoo mama. Mwenye chumba yupo?"