Mgeni ana kiu, jamani!

Shangazi katoka Dar kwa treni ya SGR, kapanda daladala mpaka Nkuhungu hapa Dodoma, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Tulikofikia, kaketishwa kwenye kochi, kawashiwa tamthilia, basi! Nusu saa nzima, koo limekauka kama korongo la kiangazi. Naulizia maji, naambiwa mtoto kaenda kuchukua soda. Soda ya nini? Mtungi si uko pale jikoni?

Kikombe cha maji, beseni la kunawa uso, karanga kwenye kisahani, zabibu kidogo kama ni msimu wake. Hivi vinamshinda nani, hapa Dodoma? Na vile vikombe vya maua kabatini vinamsubiri mgeni gani, malaika? Vitoeni! Watu wana kiu sasa hivi.