Meza ya mtu mmoja

"Mko wangapi?"

Mmoja. Mhudumu anachungulia nyuma yangu kama nimemficha mtu, halafu anauliza tena: "Yaani uko mwenyewe?" Niko mwenyewe, ndiyo. Nina njaa na hela ya kulipa ninayo, nikadhani hayo mawili yanatosha.

Wiki ya mshahara iliyopita nilitoka kazini Mnazi Mmoja nikachukua bajaji mpaka Masaki, moyo ukitaka changu wa kukaanga na ndizi. Nikakaa dirishani. Menyu hata sijaifungua vizuri, kijana huyo hapo: "Samahani dada, hiyo meza ni ya watu wanne." Nikageuka nikahesabu. Ukumbi mzima tulikuwa sita, na wawili kati yetu walikuwa wahudumu wanakula chao. Nikahamishiwa kwenye kimeza cha jirani na choo, mlango ukifunguliwa unapata habari zote. Sitaitaja sehemu yenyewe. Samaki, nisimsingizie, alikuwa mtamu.

Nikiwa nachokonoa mifupa, dada wa kaunta akaja kuninong'oneza: "Yule kaka pale kasema bili yako ije kwake." Nikamwambia amshukuru, nalipa mwenyewe. Akaniangalia kwa huruma. Hilo ndilo linalonikera kuliko hata choo. Mwanaume akila peke yake usiku, watu wanaona mtu katoka kazini. Mwanamke lazima awe na habari: kaachwa, au kuna anayemsubiri, au yuko mawindoni. Hakuna anayewaza kwamba kasikia njaa.

Na sababu ninayo. Nyumbani Tabata tuko saba na televisheni haizimwi. Ofisini simu, kwenye daladala miziki na viwiko. Nusu saa yangu na sahani ndiyo pekee kwa siku nzima ambayo hakuna anayeniita.

Shangazi yangu haelewi. Kwake kula peke yako ni uchoyo, basi. Bibi yetu Pangani alikuwa hafunui sufuria mpaka aulize nani hajarudi, na tulikula sinia moja, wakubwa wakikusukumia kipande cha samaki upande wako bila kusema neno. Sikatai, ule ulikuwa utamu. Lakini shangazi huyo huyo akikosana na shoga zake husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sasa kama walaji wenza wenyewe ndio hao, mbona nilazimishwe kwenda kuwatafuta?

Halafu Dar si Pangani. Sensa ya 2022 ilihesabu hapa watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wetu ikifika saa saba mchana tuko mbali na jiko la nyumbani. Tena jambo hili tulishalimaliza zamani, ushahidi uko kwenye jina. Mamantilie: "Mama, nitilie." Nitilie, hakusema tutilie. Jina zima la biashara limetoka mdomoni mwa mtu mmoja aliyeshika sahani moja.

Pale ninapokula mimi siku nyingi, jirani na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, kuna mabenchi mawili na meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua. Hakuna wa kukuuliza mko wangapi. Unanawa kwenye ndoo yenye koki, mtu anasogea kidogo, unakaa. "Wali na nini?" Na maharage, mchicha, dagaa pembeni. Pilipili imo kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kizibo, inapita mkono kwa mkono. Mpagazi aliye kando yangu anasema "Karibu dada," ingawa kwenye sahani yake yamebaki matonge mawili, nami namjibu "Starehe, kaka." Baada ya hapo hasemi tena, wala mimi. Wanaotaka kubishana Simba na Yanga wanabishana. Anayetaka kunyamaza anaachwa anyamaze, na sijawahi kuona mtu akimtazama kwa huruma.

Ubaya ni kwamba ikifika saa tisa masufuria yanaoshwa. Usiku mwanamke aliye peke yake anabaki na chipsi mayai za kula kasimama, au kuku wa kuchoma wa Mtaa wa Libya akijaliwa kupata kiti. Ndiyo maana nawasumbua wenye kumbi za viyoyozi. Wekeni meza moja ndefu, au kaunta inayotazama barabarani yenye viti virefu sita. Naapa itajaa kabla ya hizo meza zenu za wanne. Na huyo aliyekuja mwenyewe muulizeni anakula nini, maana hicho ndicho kilichomleta.

Juzi nilichelewa, nikafika Gerezani mama ameshafunga khanga kiunoni anapakia vyombo. Akanyoosha mkono chini ya meza, akatoa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Wa saa nane leo hukutokea," akasema. "Maharage yameisha. Ukoko wako huo."