Hilo Tope Mnaloliita Tupu Lina Wenyewe

Katika mkutano mmoja uliofanyika hapa Arusha hivi karibuni, mtaalamu ambaye sitamtaja alisimama mbele ya picha ya sakafu ya bahari, iliyopigwa kwenye kina kikubwa nje ya pwani yetu ya kusini, akatamka kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kupingwa kwamba kule chini hakuna kitu ila tope, na kwa hiyo mabomba ya gesi hayatamsumbua yeyote. Ukumbi ulijaa watu wanaoishi kwa wanyamapori, watu wanaoweza kubishana asubuhi nzima juu ya njia ya tembo, na hakuna aliyeguna. Mimi niliguna, lakini kipaza sauti kilikuwa mbali.

Shahidi wangu ni kalamu-bahari. Huyu ni ndugu wa matumbawe, ila matumbawe mengi hutafuta mwamba wa kujishikiza, naye ameumbwa kwa ajili ya tope lenyewe. Lava wake, yaani kichanga kinachoelea majini, akishatua huwa polipi mmoja, kijimwili chenye mdomo uliozungukwa na minyiri, na polipi huyo wa kwanza hurefuka, hupoteza minyiri yake, na hatimaye kuwa shina linalobeba jamii nzima. Sehemu ya chini ya shina huchimba tope kwa misuli inayobana na kulegea kwa zamu, kisha hujaa maji ikavimba na kukaza humo. Sehemu ya juu huchipua polipi wengine, nao wamegawana kazi kwa utaratibu ambao ofisi zetu nyingi zingeuonea wivu: wapo wenye minyiri minane iliyochanua vijimanyoya kandokando, ambao hunasa chembe za chakula zinazoletwa na mkondo, na wapo wadogo ambao kazi yao kubwa ni kuvuta maji na kuyapitisha mwilini ili jamii yote isimame wima. Spishi nyingi zina ufito mgumu wa kalsiamu kaboneti na protini ndani ya shina, unaonenepa tabaka juu ya tabaka. Watafiti waliosoma pete za ufito huo katika Halipteris willemoesi wa Bahari ya Bering walikadiria, mwaka 2002, kwamba wakubwa wao hukaribia umri wa miaka 50. Kiumbe anayeweza kukaa mahali pamoja kwa nusu karne anahesabiwa kuwa hayupo kwa sababu picha moja haikumwonyesha!

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Kalamu-bahari, ambao spishi zao zinazojulikana zinazidi 200, wameenea katika bahari zote, kutoka maji ya Aktiki hadi Antaktika, na kutoka maji mafupi ya pwani hadi kina kinachozidi meta 6,000. Wanaoshika rekodi ya kina ni jamii ya Umbellula, wenye shina jembamba na refu lililobeba kishada cha polipi kileleni. Ungeusimamisha Mlima Kilimanjaro, na meta zake 5,895, pale wanapoota, watu wa Moshi wangehitaji chombo cha kuzamia ili kuiona Kibo. Lakini kuenea kote huko si kuenea sawasawa. Huota kwa mafungu: mahali pamoja wamesongamana, na hatua chache mbele hakuna hata mmoja, kwa kutegemea aina ya tope, kasi ya mkondo na wingi wa chakula kinachodondoka kutoka juu. Kwa hiyo anayeteremsha kamera sehemu tatu, akakuta tope, kisha akautangaza mteremko mzima kuwa mtupu, amepima bahati yake tu.

Wala wasituambie kwamba viumbe hawa ni wa bahari za wenzetu. Meli ya utafiti ya Kijerumani, Valdivia, ilifika Dar es Salaam mwaka 1899, na kalamu-bahari waliokusanywa katika safari ile waliandikiwa kitabu kizima na wanazuolojia Kükenthal na Broch mwaka 1911. Tumekuwa na muda wa kutosha kukisoma.

Ipo pia habari ya samaki, kwa wale ambao hawasikii mpaka kitajwe kitoweo: mwaka 2012 watafiti wa mashariki mwa Kanada walieleza jinsi walivyokuta lava wa samaki wa jenasi ya Sebastes, wanaovuliwa kibiashara, wamejificha katikati ya polipi za kalamu-bahari wa kina kirefu. Kwamba baadhi ya kalamu-bahari hung'aa gizani wanapoguswa nitaliacha, kwani uzuri haujawahi kusimamisha bomba.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapo kalamu-bahari wanaoweza kujisimika upya topeni baada ya kung'olewa, na kwamba mwaka 2011 watafiti Williams na Alderslade walieleza spishi ambazo chini ya shina zimepata umbo la kujibandika kwenye mwamba. Si wote, basi, walio watumwa wa tope. Nakiri pia kwamba bomba moja hulalia ukanda mwembamba kuliko nyavu zinazokokotwa na meli za uvuvi, na kwamba nchi hii inaitaka gesi hiyo, iliyo chini ya maji ambayo mahali pengine yanazidi kina cha meta 2,000. Sijadai mtu afunge kisima.

Ninachodai ni picha mfululizo za njia nzima ya bomba, kabla halijateremshwa, zikiangaliwa na mtu anayeweza kumtofautisha Umbellula na kijiti, na hesabu yake ichapishwe ndani ya taarifa ya athari kwa mazingira badala ya sentensi ile moja ya tope. Roboti za chini ya maji zinazokagua visima zina taa na kamera tayari. Kilichobaki ni mtu wa kuagiza zisizimwe zikiwa njiani.