Waliojikomboa bila hati

Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili kati ya hivyo, Mpwapwa na Kilimatinde, tunavipita tukisafiri huku kwetu kati ya nchi, na kila vinapozungumzwa mabishano huwa yaleyale. Wapo wanaosema utumwa ulikomeshwa na Wazungu. Wapo wanaowajibu kwamba vita ya kukomesha utumwa ilikuwa kisingizio cha kututawala. Pande zote mbili zina hoja nzito. Ila katika masimulizi yote mawili mtumwa mwenyewe amekaa chini akingoja kuamuliwa, na hapo ndipo ninapoona tumemdhulumu mara ya pili.

Wanaosifu amri wasibezwe. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868 wakiwapa makazi waliokombolewa, na wamisionari Waanglikana wa shirika la CMS la Uingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876, kwenye njia yenyewe. Kwa mtu aliyefika pale akiwa na alama za mnyororo shingoni, mlango uliofunguliwa ulikuwa uhai wake.

Lakini amri zile zilifunga bahari, hazikufunga utumwa. Watu waliokuwa wavushwe kwenda Unguja, Pemba na Uarabuni walibaki bara, bei yao ikashuka, na wenye mashamba wa pwani wakanunua zaidi. Unyamwezini, ambako wanaume waliondoka kwa miezi mingi kuwa wapagazi, mtumwa ndiye aliyeshika jembe nyumbani. Kwa mjakazi aliyenunuliwa Tabora, mwaka 1873 ulipita kama miaka mingine.

Wenye shaka nao wana ushahidi. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie, Mfaransa wa Kanisa Katoliki, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni mbili za kukomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Fedha hizo zilimwezesha ofisa wa Kijerumani, Wissmann, kuajiri jeshi, akawaandama Abushiri na wenzake waliowapinga Wajerumani pwani, na mwaka huohuo akajenga ngome Mpwapwa. Utawala ulioingia kwa jina la kuwakomboa watumwa ulikaa nchini karibu miaka thelathini, ukaondoka bila kutunga sheria ya kufuta utumwa.

Watetezi wa utawala ule walisema: tukiwaachilia wote kwa siku moja mashamba yatakufa, wenye watumwa watadai fidia au kushika silaha, na watumwa wenyewe watalala njaa. Hoja mbili za kwanza zilimlinda bwana. Ya tatu siitupi, maana Mgogo anaijua njaa kuliko anavyoijua amri yoyote. Katika karne ya kumi na tisa njaa ilikuwa mlango mkubwa wa kuingilia utumwani bara: mtoto aliwekwa rehani kwa chakula, na mvua isiponyesha mwaka wa pili, rehani ile haikukombolewa. Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, inakadiriwa kuua watu wapatao 30,000. Uhuru usio na shamba wala ghala ungeweza kumrudisha mtu mlangoni kwa bwana aliyemkimbia. Aliyeonya hivyo alisema kweli, hata kama aliisema kwa faida yake.

Tazama basi walivyoitumia kweli hiyo. Amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujinunua, na ikampa siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi yake. Yaani afanye kazi siku mbili ili amlipe anayemfanyisha kazi siku zilizobaki. Kisha amri ya Desemba 1904 ikasema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Nimeisoma tarehe hiyo mara nyingi na bado inanikaba. Mama alibaki mtumwa na kichanga mgongoni mwake kikawa muungwana. Dada yake kichanga huyo, aliyezaliwa wiki moja kabla ya tarehe ile, alikuwa mali ya mtu. Kama hesabu ile ingeachwa iendelee yenyewe, yule dada angeikuta Desemba 1961 akikaribia miaka 56, bendera ya Uhuru ikipandishwa, naye kwa sheria bado ni mtumwa.

Hesabu haikuachwa iendelee, na kazi kubwa ya kuikata haikufanywa ofisini. Kati ya 1891 na 1912 Wajerumani walitoa hati za uhuru zaidi ya 50,000. Nyingine zilitolewa na serikali, nyingine na mabwana waliowaacha watu wao kwa hiari, nyingine zililipiwa na watumwa au ndugu zao. Lakini makadirio ya watumwa wa koloni zima mwanzoni mwa karne ya ishirini ni kama 400,000, na vita vya 1914 vilipoanza walikuwa wamepungua chini ya nusu. Hapo pana watu zaidi ya laki mbili. Hati zinawaeleza kama robo ya hao. Vifo vinaeleza wengine, na wale watoto wa amri ya 1904 walizuia idadi isijazwe upya.

Wengi waliobaki waliondoka. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912, na kibarua wa reli hakuulizwa ni mtumwa wa nani. Wengine walikwenda mashamba ya mkonge, wengine wakarudi walikotekwa, wengine wakajiunga na koo za watu wakaoa na kulima humo. Na wengine hawakusogea hata hatua moja, ila walimwambia bwana: kuanzia msimu huu nalima changu, nitakupa sehemu tu. Bwana aliyejua kwamba akikataa atabaki na jembe lake peke yake, alikubali. Hao hawakuandikiwa chochote na mtu yeyote.

Sitaki kuwapamba. Njia hii ilikuwa nyepesi kwa kijana wa kiume kuliko kwa mama mwenye watoto, na watumwa wengi wa bara walikuwa wanawake. Reli nayo haikuwa peponi, wala kodi ya serikali iliyotozwa kwa kila nyumba, iliyowasukuma watu kutafuta vibarua. Lakini sheria ya Waingereza ya 1922 iliyofuta utumwa Tanganyika ilikuta kazi kubwa imekwisha kufanywa na miguu ya watu.

Kwa hiyo vibao vya kumbukumbu vya Mpwapwa na Kilimatinde visiishie 1873 na majina ya Barghash na Wissmann. Viandikwe 1905 na 1922 pia, na hesabu ya hati dhidi ya hesabu ya watu. Na kabla ya vibao, watumwe vijana wanaojua Kigogo wakae na wazee na kuuliza koo zilivyopokea wageni, bila kumlazimisha mtu kutaja babu yake alikuwa nani. Wapo wanaonyamaza hadi leo kwa kuona haya, ilhali aibu ile ilikuwa ya mnunuzi.