Geti la zizi halizuii ugonjwa wa miguu na midomo

Wafugaji wengi wa maziwa Kenya wanaolisha ng'ombe zizini wana hoja moja: ng'ombe wangu hatoki, hachungwi na wa jirani, hanywi maji mtoni, kwa nini nilipie chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kila baada ya miezi michache? Hoja hii si ya kupuuzwa. Ng'ombe wanaochungwa pamoja, wanaopitishwa minadani au wanaolishwa karibu na nyati ndio walio hatarini zaidi, na aliyefunga boma amejiepusha na mengi.

Lakini geti humzuia ng'ombe tu. Mhimilishaji, yule anayempandikizia ng'ombe mbegu za uzazi, huingia na buti alizovaa boma la jana. Kijana wa kukamua hupitia nyumba mbili kabla jua halijachomoza. Nyasi ya nepia ya kununua ilikatwa kando ya barabara walikopita ng'ombe wa mnada. Virusi hutoka kwa mate, pumzi, kinyesi na maziwa, na kwenye maziwa huweza kuanza kutoka siku kadhaa kabla malengelenge hayajaonekana ulimini. Mtu anaweza kupeleka kituoni maziwa yenye virusi akiwa na nia njema kabisa, na mkebe ukarudi mtaani ukiwa umesuuzwa kwa maji matupu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba zizi ni kinga.

Wanaoitilia shaka chanjo nao wana yao. Virusi hivi vina aina 7, na kinga ya aina moja haimsaidii ng'ombe dhidi ya nyingine. Afrika Mashariki tunasumbuliwa hasa na aina ziitwazo O, A, SAT1 na SAT2. Kinga ya chanjo yenyewe hupungua baada ya miezi 4 hadi 6, na chanjo iliyokaa nje ya nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi ni pesa iliyomwagwa. Mwaka 2012 shamba kubwa la maziwa katika kaunti ya Nakuru lilivamiwa na SAT2 ingawa ng'ombe wake walikuwa wakichanjwa mara kwa mara. Kwa hiyo anayesema "nilichanja na bado wakaugua" hasemi uongo.

Serikali ilipotangaza mwishoni mwa 2024 kampeni ya kuchanja ng'ombe milioni 22, upinzani ulikuwa mkali, na uvumi ukaenea kwamba lengo ni kupunguza gesi inayotolewa na mifugo. Uvumi huo haukuwa na msingi: chanjo hii ina virusi vilivyouawa, na KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, imeitengeneza Embakasi kwa miaka mingi. Swali la maana lilikuwa jingine: aina gani inazunguka kwetu sasa, na chanjo hii inailenga? Hilo sijaona likijibiwa vya kutosha mashinani.

Ugonjwa huu hudharauliwa kwa sababu ng'ombe mkubwa hufa kwa nadra. Ndama ndiye anayeanguka ghafla, moyo ukiwa umeshambuliwa. Mama yake anapona vidonda, lakini kiwele kinaharibika, na wengine hubaki wakihema juani miezi mingi baadaye. Kwa mwenye ng'ombe wawili walionunuliwa kwa mkopo wa sacco, hiyo ni karo ya watoto.

Mimi nasema tuchanje, ila si kila boma kivyake. Chanjo ya mtu mmoja kwenye kijiji kisichochanja inaacha virusi vikizunguka mpaka kinga yake iishe. Kata nzima ichanjwe wiki moja, na ng'ombe wa mara ya kwanza arudiwe baada ya wiki 3 au 4. Wenye uwezo wa kupanga hili ni vyama vya ushirika vya maziwa, kwa kuwa hukutana na kila mfugaji asubuhi. Vioshe mikebe kwa dawa kabla ya kuirudisha (virusi hivi havihimili asidi wala magadi makali), na gharama ya chanjo ikatwe kwenye malipo ya mwezi jinsi inavyokatwa ya chakula cha mifugo.