Mdundo hauanzii ubaoni

Mwalimu akipewa kipindi cha muziki, kitu cha kwanza anachoshika ni chaki. Anachora nota, kichwa cheusi chenye mkia, anaandika chini yake "taa". Anachora viwili vilivyofungwa pamoja, anaandika "ta-te". Darasa linaitikia kwa sauti ileile linayoitikia jedwali la kuzidisha. Mtoto wa mstari wa nyuma anasoma taa na ta-te kwa shida, kumbe Jumamosi iliyopita alikuwa harusini akigonga chupa ya soda kwa kijiko, akizungushia ngoma za wakubwa mapigo ambayo mwalimu mwenyewe angebabaika kuyaandika. Hakuna aliyemwambia kwamba kile cha ubaoni na kile cha harusini ni somo moja.

Kuna shule moja iliyowahi kwenda kinyume na utaratibu huo, na inafaa kuirudia, kwa sababu inatajwa sana kwa mambo yasiyo ya msingi. Septemba 1953, Mfransisko kutoka Antwerp, Ubelgiji, Padri Guido Haazen, aliyezaliwa mwaka 1921, alishika uongozi wa shule ya kati ya Kamina, kule Katanga, Kongo. Ndani ya miezi michache akaunda kwaya. Humo ndimo ilimozaliwa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Wakongo, na tarehe 23 Machi 1958 ikaimbwa ibadani kwa mara ya kwanza, palepale Kamina. Mwaka huohuo watoto wakapelekwa Ulaya, wakaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, wakarekodiwa. Santuri ile ilizunguka dunia, na padri akapata jina.

Mimi najali zaidi hesabu ya waimbaji: wavulana 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15 wa shule hiyohiyo. Yaani kila watoto watatu walikuwa na mtu mzima mmoja kando yao, naye si wa kuwasimamia kwa fimbo, ni wa kuimba nao. Atakayesikiliza rekodi asikie watoto tu na ngoma hajasikiliza vizuri. Solo ni ya mtu mzima, Joachim Ngoi, mwalimu. Mtoto mdogo hashiki mdundo kwa kuelezwa. Anaushika kwa kusimama karibu na mwili ambao tayari unao. Watoto 45 ndilo darasa letu la kawaida, tena wengine watasema ni darasa dogo. Tunachokosa ni wale 15.

Jambo la pili ni kwamba misa ile haikuanzia kwenye karatasi. Waliitunga kwa kuimba, kila mmoja akiongeza chake juu ya wimbo wanaoujua, mpaka ikakaa. Kati ya sehemu za misa, Kyrie, ile ya kuomba huruma, ilifuata kasala, mtindo wa Waluba wa kusifu na kuomboleza. Sanctus ilitoka kwenye wimbo wa kuagana, Hosanna ikachukua mdundo wa ngoma ya Kasai, Agnus Dei ikaegemea wimbo wa watu wa Bena Lulua. Ukiwaza, mtu anayesema "Bwana utuhurumie" na mtu anayelia msibani wako mlango mmoja, kwa hiyo wavulana wale hawakuwa na haja ya kufundishwa jinsi ya kuimba Kyrie.

Halafu kuna Kilatini, ambacho wengi hukiona kama mabaki ya ukoloni ndani ya kazi ile. Nakiona kwa jicho jingine. Kiluba ni lugha ya toni: ukipandisha sauti mahali pa kushuka, unaweza kuharibu neno. Mmisionari aliyebandika maneno ya Kiluba juu ya wimbo wa Kizungu alikuwa anavuruga maana bila kujua. Kilatini hakina toni ya Kiluba ya kulinda, kwa hiyo wavulana waliweza kubeba wimbo wao na mdundo wao kamili, kisha wakaupachika maneno. Sisi wa Kiswahili hatuna toni, tuna mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bado tunakosea vilevile. Fungua nyimbo zetu nyingi zilizotafsiriwa utakuta pigo zito limeangukia "ngu" ya Mungu na "na" ya Bwana. Mtoto anaimba "mu-NGU" miaka saba, kisha tunashangaa sikio lake linachanganyikiwa.

Padri alikuwa pia anatembea karibu na ukuta wa sheria. Mwaka 1903 Papa Pius X alikuwa amepiga marufuku ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele kanisani. Mwaka 1955 Pius XII alilegeza kauli kuhusu muziki wa nchi za misioni, ila ruhusa iliyo wazi ilikuja Desemba 1963 katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ibara ya 119. Mwaka huo huo, huku kwetu, Padri Stephen Mbunga alichapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ibara ile inasema wamisionari wafundwe muziki ili wakuze muziki wa asili wa watu wale shuleni na katika ibada. Shuleni! Wanakwaya wananukuu nusu ya pili tu.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kwaya ilipewa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, na jina la padri ndilo linalotajwa kama la mtunzi, huku wengi waliotunga kwa vinywa vyao wakibaki "wavulana wa Kamina". Hilo ni deni.

Sasa darasani. Mfano nitakaoutoa ni mzunguko wa punje 12, unaopatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Punje ni kile kipande kidogo kabisa cha muda. Zihesabu sawasawa, 1 hadi 12, bila kutilia mkazo yoyote, kisha rudia.

Miguu ndiyo ya kwanza. Watoto wasimame, wakanyage punje ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mwendo uwe hatua moja kwa sekunde, yaani punje tatu kwa sekunde. Usiongeze kasi hata wakikuomba, na watakuomba. Dakika tano za miguu mitupu zinatosha, mwalimu akikanyaga pamoja nao, uso wake ukielekea upande uleule wanaoelekea wao. Ukiwageukia, mguu wako wa kulia unaonekana kwao kama wa kushoto, na nusu ya darasa inapotea hapohapo.

Pili ni mapaja. Wakae. Katika punje sita, mkono wa kulia unapiga ya 1, 3 na 5. Wa kushoto unapiga ya 1 na ya 4. Usiwaeleze habari ya tatu dhidi ya mbili, wataogopa. Wape silabi: pa, ku, sho, ku. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Inatoka hivi:

pa – ku sho ku – | pa – ku sho ku –

Kosa litakalotokea ni mtoto kuzipiga nne zile kwa nafasi sawa, pa-ku-sho-ku kama askari wa gwaride. Sababu ni kwamba ule ukimya wa punje ya 2 na ya 6 hauna kazi mwilini, na kisicho na kazi mtoto hukiruka. Mpe kazi: kwenye ukimya avifungue viganja kuelekea juu. Ukimya wenye mwendo hauliwi. Dawa hiyohiyo inatibu darasa linalokimbia, maana mara nyingi watoto hawapigi haraka, wanakula vimya.

Ndipo inaingia chupa. Chupa ya soda ya kioo, tupu, na kijiko cha chuma. Chupa ya plastiki haina kazi hapa, wala kugonga madawati, kwa sababu mbao arobaini zikigongwa pamoja hakuna anayesikia kosa lake. Chupa moja kwa watoto kumi na tano hivi, wengine wakiendelea na miguu. Mpangilio wenyewe ni huu:

ko – ko – ko ko – ko – ko – ko

Mapigo saba ndani ya punje 12: ya 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Kwa macho unaonekana mgumu. Lakini utazame vizuri: kijiko kinaanza na namba witiri, 1, 3, 5, kinavuka kwenda 6, kinamaliza na shufwa, 6, 8, 10, 12, kisha kinavuka tena kurudi 1. Njia mbili na vivuko viwili, basi. Pale panaposikika "koko" ya haraka ndipo kivuko kilipo.

Kwenye kivuko cha 5 na 6 ndipo watu wanapozama. Mguu unashuka kwenye 7, na mkono unavutwa kuufuata, kwa hiyo lile pigo la 6 linachelewa linaanguka kwenye 7. Likishaanguka, linaendelea 9, kisha 11, na mtoto anajikuta anapiga witiri mwanzo mwisho bila kujua kilichotokea. Huhitaji sikio la ajabu kumkamata: hesabu mapigo yake ya mzunguko mmoja. Yakiwa sita badala ya saba, amezama kwenye kivuko. Usimwambie "sikiliza vizuri". Mrudishe kwenye "ko ko" peke yake, punje ya 5 na ya 6, huku mguu ukishuka kwenye 7 ambapo chupa imenyamaza. Mguu utue mahali patupu mara kumi, ishirini, mpaka upazoee. Katika mzunguko wote, chupa na mguu hukutana mara mbili tu, kwenye 1 na kwenye 10.

Kuhusu ngoma, naiweka mwisho kabisa, na iwe moja. Ngoma ikiingia mapema inafunika kila kosa na mwalimu anadhani darasa limeelewa. Msimu wa mvua ngozi hulegea, iotesheni moto kidogo au jua kabla ya kipindi.

Baada ya wiki tatu au nne za hayo, chaki ishikwe. "Taa", "ta-te" na "tafatefe" ni silabi zilizobuniwa Ufaransa karne ya 19 na Aimé Paris, na John Curwen wa Uingereza akaziingiza kwenye mfumo wake wa solfa, ule wa kuandika sauti kwa herufi. Ni zana nzuri. Ila ujue zinakata muda kuanzia kwenye mguu kila mara: ta-te-ti, ta-te-ti. Mtoto aliyeanza nazo ataona punje sita kama tatu na tatu daima, na wimbo ukigeuka kuwa mbili, mbili na mbili kwa punje zilezile, anadhani wenzake wamekosea. Aliyeanzia mapajani anazisikia zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mikono yake imewahi kuzipiga zote mbili.

Kwenye solfa shida ni nukta. Kwaya zetu husoma d, r, m vizuri sana, lakini alama za muda wanaziona kama vumbi la fotokopi. Chukua | d :– .r | ambapo d inashika pigo la kwanza lote na nusu ya pigo la pili, r inabaki na nusu iliyosalia. Wengi huipa r pigo la pili zima, na wimbo unakuwa wa gwaride. Wakanyagishe mapigo mawili, wasiimbe r mpaka mguu wa pili uwe umeshatua na kuanza kunyanyuka. Kosa linakwisha siku hiyohiyo.

Kinanda chenye midundo ya kubonyeza sikitaki karibu na darasa la aina hii. Mashine ile hupiga nne kwa nne bila kuchoka, na mpiga kinanda akishaiwasha hakuna punje 12 tena; kila wimbo wa asili unanyooshwa ukae ndani yake. Wapo wanaosema inasaidia kwaya isikimbie. Kwaya inakimbia kwa sababu inakula vimya, na mashine haimfundishi mtu kunyamaza.

Anabaki mtoto mmoja au wawili ambao hata baada ya mwezi mguu wao hautulii. Kawaida yetu ni kuwaweka pembeni washike madaftari ya wenzao. Wasimamishe katikati ya mstari, mtu mzima mmoja kulia kwao, na bega liguse bega. Kama walimu wenzako wanasema hawana muda, waombe wawili tu, dakika kumi za mwisho, viatu vikiwa vimevuliwa.