Maerdy baada ya makaa: watu waifuate kazi, au kazi iwafuate watu?

Tarehe 5 Machi 1985, baada ya mgomo wa karibu mwaka mzima, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Maerdy, kijiji kilichoko juu kabisa katika bonde la Rhondda Fach kusini mwa Wales, walirudi mgodini kwa maandamano, wakiongozwa na bendi yao. Desemba 1990 mgodi huo ulifungwa, nao ndio uliokuwa wa mwisho katika Rhondda yote. Tangu hapo kijiji hiki, na vingine vingi vya mabonde hayo, vinaishi na swali moja: watu waifuate kazi iliko, au kazi iletwe waliko watu?

Wanaotaka watu waifuate kazi wana hoja nzito. Maerdy ilizaliwa na mgodi ulioanza kuchimbwa katika miaka ya 1870, na bonde lenyewe ni jembamba kiasi kwamba nyumba zimejengwa kwa safu ndefu zilizoshikamana, nyingine zikiparamia mteremko. Kiwanja cha kiwanda kikubwa ni shida kupatikana, ilhali jiji la Cardiff halifiki hata kilomita 50. Kwa hiyo serikali imetumia zaidi ya pauni bilioni 1 kutia umeme na kuboresha reli za mabonde, ili mkazi wa Treherbert, Aberdare au Merthyr aweze kufanya kazi jijini na kulala kwao, ambako nyumba ni za bei nafuu. Nakubali kwamba kwa kijana anayeanza maisha huo ni msaada wa kweli. Lakini Rhondda Fach ilipoteza treni zake za abiria mwaka 1964, na reli hizo mpya hazifiki Maerdy. Anayeambiwa aifuate kazi mjini lazima kwanza apande basi hadi kituo cha treni cha Porth, na anayeingia zamu ya alfajiri au kutoka usiku wa manane anajua maana ya umbali huo.

Isitoshe, shauri hili lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1928 serikali ya Uingereza iliunda bodi ya kuwahamishia wachimbaji wasio na kazi katika maeneo mengine, na waliolengwa zaidi walikuwa vijana. Kijiji kinachoondokewa na vijana kinabaki na wazee, wagonjwa na wale walioshindwa kuhama, kisha duka na shule vinakosa watu, na upungufu huo unageuzwa kuwa ushahidi kwamba kijiji hakina maisha.

Upande wa pili nao una makovu yake. Viwanda vililetwa, na baadhi vilidumu miongo kadhaa, lakini mwenye kiwanda aliye mbali hafungwi na kijiji. Mwaka 2007 kampuni ya Burberry ilifunga kiwanda chake cha nguo huko Treorchy, katika bonde jirani, licha ya kampeni kubwa ya wafanyakazi, na kazi zipatazo 300 zikapotea.

Mfano unaonishawishi zaidi uko Hirwaun, ng'ambo ya mlima. Mgodi wa Tower ulipofungwa mwaka 1994 kwa madai kwamba hauna faida, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika kiinua mgongo chake, wakaununua, wakaufungua upya Januari 1995 na kuuendesha hadi mwaka 2008, makaa yaliyoweza kuchimbwa yalipokwisha. Hao walijua wanachokimiliki, na faida ilibaki kwao. Kwa maoni yangu swali la nani anamiliki ni kubwa kuliko swali la nani amfuate nani. Shamba la mitambo ya upepo la Pen y Cymoedd, lenye mitambo 76 juu ya milima hiyo hiyo, hutoa pauni milioni 1.8 kila mwaka kwa ajili ya jamii za jirani. Fedha hizo zina manufaa, lakini ni mgawo unaotoka kwa mwenye mali, na mwenye mali si mwanakijiji.

Tena kuna jambo ambalo wanaoshauri vijiji hivi viachwe vipungue hulipita haraka mno. Watu wanaweza kuhama, lakini vifusi vya migodi havihami. Mwaka 1966 lundo moja liliporomokea kijiji cha Aberfan na kuua watu 144, wakiwamo watoto 116. Februari 2020 mvua kubwa iliporomosha maelfu ya tani za vifusi hadi mtoni huko Tylorstown, chini kidogo ya Maerdy, na ni bahati kwamba hakuna aliyeumia. Wales ina malundo ya vifusi vya makaa yaliyoachwa zaidi ya 2,500, na mwaka 2025 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya kuyasimamia. Kuyakagua malundo hayo, kuzibua mifereji yake na kuimarisha miteremko ni kazi ya miaka mingi, na sehemu yake kubwa iko huku juu mabondeni, mlangoni pa watu ambao wazazi wao waliyachimba makaa hayo.